Nimekupenda kwa Kiingereza

Sura ya Sita

Herufi moja tu, S, ndiyo iliyomvunja moyo Severina Kalinga. Wenzake huvunjwa moyo kwa kufumania, wengine kwa kupigiwa simu na mashoga wenye wivu, yeye alivunjwa na kiherufi kinachoishia kwenye meno. Na kinachouma zaidi ni kwamba aliyemfundisha yule mwanaume kukitumia ni yeye mwenyewe, kwa mikono yake, kwa chaki yake, miezi mitano mizima.

Tuanzie hapo, maana leo ni siku ya mahari na saa zinakwenda.

Mwaka jana Severina alikuwa Uyole, pale Mbeya inapoishia na malori ya Zambia yanapolala. Alipanga chumba nyuma ya soko, akaweka mabenchi manne na ubao, akawa anafundisha Kiingereza watu wazima. Walikuja wauguzi, wakaja madereva, na siku moja akaja Gwakisa Mwambene, fundi wa maabara ya mbegu za viazi, miaka thelathini na moja, mrefu, mpole, mwenye macho ya kucheka na Kiingereza cha kutia huruma. Gwakisa alikuwa amepata ufadhili wa kwenda kusoma Uholanzi kwa sharti moja tu, afaulu mtihani wa Kiingereza. Akishindwa, nafasi anapewa mwingine.

"My mother is sick," alisema siku ya kwanza. "He is in Tukuyu."

"Kwani mama yako ni mwanaume?"

"Hapana, mwalimu! Mama ni mama."

"Basi ni she. Baba ni he, mama ni she."

Gwakisa akakuna kichwa. "Sasa mwalimu, hawa Waingereza hawawezi kusema tu 'yeye' yakaisha? Mpaka wamchungulie mtu kwanza?"

Darasa zima liliangua kicheko. Severina naye alicheka, akageukia ubao kuficha uso, na kicheko kile ndicho kilichomponza. Tangu siku hiyo akaweka faini. Kila he na she zikipishana, kiazi kimoja. Gwakisa alilipa bila kinyongo. Mwisho wa wiki ndoo ilijaa, mwalimu akavichemsha, wakala kwa chumvi na chai, wakibaki wawili mpaka giza lilipotaka kuingia. Hakuna aliyesema neno la mapenzi. Lakini wewe umewahi kuona mtu anamenyewa kiazi na mwenzake, anapuliziwa kipoe, halafu iwe ni masomo tu?

Ile S ndiyo iliyowatesa zaidi.

"She understand me," Gwakisa angesema.

"S iko wapi?"

"Mwalimu, S si ya wengi? Book, books. Sasa huyu she ni mmoja, yuko peke yake, masikini. S ya nini?"

"Ndiyo kanuni. Akiwa mmoja, kitenzi kinavaa S."

"Kumbe wanamwonea huruma upweke wake," alisema, akamtazama kwa namna iliyomfanya Severina adondoshe chaki.

Na nyakati je? Hapo mwalimu alikuwa mkali kweli. "Kitendo kilichokwisha kimekwisha, Gwakisa. Loved. Umefunga mlango, umetupa ufunguo mtoni. Usiniletee love pale penye loved." Alimwandikisha sentensi hizo mpaka vidole vikavimba. Zoezi la mwisho la nyakati Gwakisa alipata ishirini kwa ishirini. Severina aliliandikia kwa wino mwekundu, huna kosa tena.

Wiki iliyofuata baba yake akaanguka. Kiharusi. Severina akafunga darasa, akarudi nyumbani Kihesa, Iringa, amsaidie mama yake kumgeuza mgonjwa. Asubuhi ya safari, pale stendi ya Uyole, Gwakisa alimshika mkono uliobeba begi badala ya begi lenyewe.

"Severina," alisema. Si mwalimu, Severina. "Mimi kuna kitu..."

"Kwa Kiingereza!" Severina akamkatiza. "Mpaka ufaulu, mimi na wewe ni Kiingereza tu. Hata meseji. Hata ukiota."

Alikuwa anadeka tu, jamani! Alitaka kusikia kitu kile, lakini alitaka akisikie polepole, kimeandaliwa. Laiti angemwacha amalize kwa Kiswahili, sura hii isingekuwepo.

Wiki tatu baadaye meseji ikaingia. Severina alikuwa jikoni anamkorogea baba uji. Akafuta mkono kwenye khanga, akasoma.

Dear Severina. I have got a new teacher. She understands me very well. She comes to my room every evening. I have loved you. Now I am finished. Gwakisa.

Alisoma mara ya kwanza akiwa amesimama, mara ya pili akiwa amekaa kwenye ndoo. Kapata mwalimu mpya. Mwanamke. Anamwelewa vizuri sana. Anakuja chumbani kwake kila jioni. I have loved you, yaani nilishakupenda, hilo limepita, asante. Now I am finished, nimemalizana na wewe.

Na angalia alivyoandika! Understands. Comes. S zote mbili zimekaa mahali pake, zimenyooka. Miezi mitano alimlilia aiweke S ile, hakuiweka. Leo kampata mwanamke wa kuiwekea. Severina angekuta kosa hata moja angejifariji, angesema labda kateleza, labda hakumaanisha. Hakukuwa na kosa. Yeye mwenyewe alishaandika kwa wino mwekundu kwamba hakuna.

Akajibu: Your grammar is perfect. Congratulations. Kisha akambloki. Uji ukaungua.

Hayo yalikuwa mwezi wa pili. Leo ni Agosti, Jumamosi, upepo wa Iringa unapeperusha vumbi na khanga za watu, na saa saba mchana washenga wa Clement wanaingia Kihesa kutoa mahari.

Clement ni mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga. Ukitafuta baya la kumsema utatafuta sana. Kila siku ya kliniki alikuja na gari lake kumchukua mzee Philbert, baba yake Severina, akambeba mgongoni kumshusha ngazi za hospitali, hakuwahi kulitaja. Mama Faustina, mkewe mzee, alimpenda kabla binti hajampenda. "Mkatoliki mwenzetu," mama alisema, "na Mafinga si mbali, ukipika wali huku unakwenda kuula kule. Unataka nini tena?" Severina hakutaka kitu tena. Posa ilipoletwa mwezi wa sita, akiwa amekaa kando ya kitanda cha baba, akaandika jibu kwa mkono wake. Alikubali.

Basi saa tatu asubuhi simu yake ikaita. Shaista.

Shaista ana duka la vifaa vya ofisi pale Miyomboni, karatasi, kalamu, mashine ya kutoa kopi. Babu yake alilifungua, naye kazaliwa ghorofani juu ya duka hilo hilo. Alimpa Severina meza ya nyuma awe anafundishia, wakawa mashoga.

"Seve, njoo dukani."

"Shaista, leo? Natiwa hina sasa hivi."

"Njoo na hina yako. Kuna mtu kakaa kwenye benchi la wanafunzi tangu nafungua. Kaona tangazo lako la masomo pale stendi. Nimemwambia mwalimu haji leo, anasema atangoja. Nimemuuliza jina, anasema niseme tu, mwanafunzi wa viazi."

Mama Faustina alikuwa mlangoni, anapanga vikombe. "Unakwenda wapi?"

"Kuchukua ile barua ya baba kwa Shaista. Kashachapa."

Kweli barua ya baba ya kuwakaribisha wageni ilikuwa kwa Shaista. Haukuwa uongo kamili. Lakini mama alimtazama muda mrefu kuliko barua inavyostahili.

Dukani alimkuta Gwakisa kaketi wima kama siku ya kwanza darasani, koti jipya, begi kubwa pembeni, mfuko mdogo wa rambo mapajani. Alipomwona alisimama. Severina alikuwa amejiandaa njia nzima kwa maneno makali, tena kwa Kiingereza fasaha. Alipoyaona macho yale, maneno yote yakapotea.

"Mwalimu," Gwakisa alisema. "Ugonile."

"Nimeamka salama. Umefuata nini?"

"Nimefaulu. Alama saba. Walitaka sita na nusu."

"Hongera." Akakaa upande wake wa meza, mikono chini asionyeshe hina. "Mwambie aliyekufundisha. Mimi niliishia katikati."

"Nilimwambia. Kalia machozi."

"Anakulilia mpaka machozi! Basi vizuri. Na anakusindikiza uwanja wa ndege?"

"Hawezi, miguu. Hata kuja chumbani kwangu ilikuwa shida, na ule mkongojo. Mimi ndiye niliyetaka nimfuate, akawa anakataa, anasema mwalimu akifuatwa anazeeka upesi." Gwakisa akatabasamu. "Ana miaka sabini na tatu."

Mashine ya kopi ilikuwa inanguruma huko mbele, nayo ikanyamaza. Shaista alikuwa kaizima asikilize vizuri.

"Nani ana miaka sabini na tatu?"

"Mzee Saulo. Mwalimu mpya. Yule mstaafu wa pale jirani na maabara. Si nilikuandikia?"

"Uliniandikia she!"

"Niliandika..." Gwakisa akaishia hapo.

Severina akatoa simu. Akamwondolea bloki, akapekua mpaka mwezi wa pili, maana hakuwahi kuifuta, alikuwa anaisoma kila Jumapili akitoka kanisani kama mtu anayejikuna kidonda. Akaisukuma mezani. "Soma. Kwa sauti."

Gwakisa akasoma. Alipofika "She understands me" akafunga macho.

"Mungu wangu," alisema. "Ile S. Nilihangaika na ile S usiku kucha, mwalimu. Nilisema safari hii nisikose S, nisikuaibishe. Nikaangalia S, nikaangalia S. Sikuangalia he."

"She mbili," Severina alisema. Machozi yalikuwa yanashuka, naye anacheka, au hacheki, hata yeye hakujua. "She mbili, Gwakisa. Faini viazi viwili."

"Kwa hiyo ulidhani..."

"Ningedhani nini? Mwanamke anakuja chumbani kwako kila jioni, anakuelewa sana, halafu unaniambia I have loved you, now I am finished! Umemalizana na mimi!"

"Nani kamalizana na nani?" Gwakisa sasa alikuwa amesimama. "Ulisema Kiingereza tu! Nilikaa na kamusi siku tatu. Niliandika nimekupenda. I have loved you. Si ulinifundisha wewe, '-me-' ni have? Nime-ku-penda. Na nimekwisha. Nimekwisha, Severina! Sili, silali, nimekwisha! Kwa Kiingereza ningesemaje? I am finished!"

Huko mbele Shaista akashika mdomo kwa kitambaa.

Severina alibaki ameitazama simu. Jamani, ni yeye aliyemfundisha hivyo. Nimekula, I have eaten. Nimefika, I have arrived. Hakuwahi kumwambia kwamba nimekupenda haingii humo. Kwa Kiswahili ukisema nimekupenda, pendo limeingia na limekaa. Ni kama nimechoka, nimesimama, nimeshiba, bado uko katika hali hiyo hiyo unaposema. Kwa Kiingereza mwanaume alikuwa ameaga. Na yeye, bingwa wa nyakati, alisoma Kiingereza akasahau kumsikiliza mtu aliyekuwa anaongea Kiswahili ndani yake.

"Nami nikakujibu," alisema kwa sauti ndogo, "grammar yako imenyooka."

"Nikafurahi! Nikajua umekubali. Mzee Saulo akaninunulia soda. Halafu nikawa nakupigia hupatikani. Nikasema simu imeibiwa. Pasaka nikapanda basi nikaja."

"Hukuja."

"Nilikuja, Kihesa, mpaka getini. Nikamkuta mama yako. Nikamwamkia kwa heshima zote, kwa Kihehe, kamwene mama. Akaniuliza natoka wapi, nikasema Mbeya. Nasali wapi, nikasema Moravian. Nikamwambia na habari ya Uholanzi. Akasema, 'Mwanangu, ukienda huko wewe hutarudi, na mimi huyu ndiye ninaye. Severina ameshapata mtu. Usimsumbue.' Akanipa na parachichi za njiani. Asingenipa parachichi, Severina, ningebishana naye."

Severina alikumbuka Pasaka. Alikuwa hospitali na baba. Clement ndiye aliyewapeleka. Kwa hiyo siku mama aliposema ameshapata mtu, yeye hakuwa na mtu yeyote, alikuwa na meseji moja tu ya Kiingereza.

"Basi lako saa ngapi?"

"Saa tano, pale stendi ya Igumbilo. Ndege ni kesho alfajiri."

Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na dakika kumi. Severina akainua mikono juu ya meza, hina ikaonekana, imepanda mpaka kwenye viwiko. Gwakisa akaitazama. Alitazama mkono wa kulia, akatazama wa kushoto, kama anayetafuta kosa kwenye daftari.

"Lini?"

"Leo. Saa saba wanatoa mahari."

Akakaa. Mtu mrefu vile, akakaa akawa mdogo.

"Niambie nibaki," alisema. "Neno moja tu. Narudisha tiketi, nakwenda kupiga magoti kwa mama yako."

"Na ufadhili?"

"Waupeleke kwao."

"Na mama yako aliyeko Tukuyu anayengoja upate hela za kumtibia? Miezi mitano nimekupigia kelele kuanzia he mpaka S, leo nikwambie kaa?" Akatikisa kichwa. "Siwezi. Na mimi nikikufuata siwezi. Baba hawezi kugeuka kitandani bila mkono wangu. Huyu Clement kambeba baba yangu mgongoni, Gwakisa. Nitamwambia nini? Kwamba ulikosea she?"

Walikaa hivyo, meza kati yao, watu wawili wanaojua Kiingereza na Kiswahili na kilugha cha kwao kila mmoja, wasijue la kusema katika lugha yoyote. Shaista akaja na vikombe viwili vya chai ya tangawizi, akaviweka, akaondoka bila utani, na ukimwona Shaista kanyamaza ujue mambo yameharibika.

"Ile sheria yetu imekwisha?" Gwakisa aliuliza mwishowe. "Ulisema mpaka nifaulu."

"Umefaulu."

"Basi niseme kwa Kiswahili."

"Gwakisa, usiseme."

"Nimekupenda," alisema. "Sina namna nyingine ya kulisema. Sijui Waingereza wataiita wakati gani."

Severina aliinamisha uso kwenye mikono yake ya hina, akalia kwa sauti, bila kujali mteja aliyekuwa anaingia kununua peni. Gwakisa hakumgusa. Alifungua ule mfuko wa rambo, akatoa viazi, alikuwa kaleta kilo nzima kama zawadi. Akachagua viwili vilivyo vizuri, akavifuta udongo kwa leso yake, akaviweka mbele ya mwalimu.

"Faini," alisema. "Nisiondoke na deni." Kisha akabeba begi lake. Mlangoni akageuka, akamshukuru Shaista, "Ndaga fijo, dada," akatoka kwenye upepo.

Saa saba kamili sebule ya Kihesa ilikuwa imejaa. Upande mmoja Clement na mshenga wake mzee Liberatus, na bahasha juu ya sinia lililofunikwa kitambaa. Upande wa pili ndugu wa Kalinga. Katikati, kwenye kiti cha mito, mzee Philbert mwenyewe, blanketi magotini, upande wa kushoto wa uso umelegea. Mzee huyu alifundisha Kiswahili shule ya msingi miaka thelathini na moja. Kabla ya kuugua alikuwa anasahihisha hata matangazo ya kanisani, unamwona anatikisa kichwa kwenye benchi, "Si 'kiti yangu', padri, ni kiti changu." Sasa maneno yake yalikuwa machache na yanatoka kwa taabu.

Severina aliletwa na shangazi yake Yusta. Kavaa kitenge kipya, macho mekundu, wote wakayachukulia kuwa ndiyo machozi ya binti anayeolewa. Mkobani mwake mlikuwa na viazi viwili. Kwa nini alivibeba? Hakujua. Alishindwa kuviacha.

"Binti yetu," shangazi Yusta alianza kwa sauti ya shughuli, "wageni hawa unawafahamu?"

"Nawafahamu, shangazi."

"Wamekuja na mzigo. Wanasema wana barua yako. Lakini sisi hapa hatupokei cha watu mpaka tusikie kinywa chako. Umewakubali?"

Severina alimtazama mama yake. Mama Faustina alikuwa ameshika khanga kifuani kwa mikono yote miwili, anamwomba kwa macho. Akamtazama Clement, naye akamtabasamia kidogo, tabasamu la mtu mwema asiyejua chochote. Hakuwa na pa kwenda. Neno lenyewe alikuwa amelifanyia mazoezi wiki nzima, nimekubali, jepesi kabisa. Akafungua mdomo.

"Nilikubali," alisema.

Vigelegele vikapasuka. Wanawake walikuwa wamevibana tangu asubuhi, hawakungoja. Mzee Liberatus akanyanyua sinia. Hapo mkono mmoja ukapanda juu, wa kulia, umenyooka kama wa mwanafunzi anayetaka kujibu. Ulikuwa wa mzee Philbert.

"Ngojeni."

Vigelegele vikakatika kimoja kimoja.

"Rudia, mwanangu."

"Nilikubali, baba."

"Nili," alisema mzee. Mdomo ulikuwa unavutwa upande, neno likachukua muda kutoka. "Hukusema nime."

"Jamani Philbert!" mama Faustina akaruka. "Mbele za wageni! Si ni yale yale?"

"Si yale yale." Jasho lilikuwa linamtoka kwa juhudi. "Miaka thelathini na moja... nimewaambia watoto wa watu. Si yale yale." Akamgeukia binti yake. "Nilikubali, ni ya siku ile ulipoandika barua. Mimi nauliza ya leo. Sema."

Sebule nzima ilimgeukia. Clement alikuwa ameacha kutabasamu. Alikuwa anamtazama Severina kwa makini, polepole, na Severina akaona kwamba naye amesikia.

"Nime," Severina alianza. "Nime..." Akajaribu mara ya tatu, kwa ajili ya mama, kwa ajili ya Clement, kwa ajili ya mgongo uliombeba baba yake. Neno lililokuja lilikuwa lingine, akalibana kwa meno lisitoke, maana lilikuwa la mtu aliyekwisha kuondoka. Akaketi chini pale pale aliposimama, mkoba ukaanguka, kiazi kimoja kikabingirika mpaka miguuni kwa baba yake.

Mzee Philbert alikitazama kile kiazi muda mrefu. Hakuuliza ni cha nani.

"Yusta," alisema, "wape wageni chakula. Na lile sinia lao wakae nalo. Hatupokei, mpaka mwanangu amalize sentensi yake."

Mama Faustina akaanza kulia. Ukutani saa ilikuwa saba na nusu, na basi la saa tano, lililombeba Gwakisa, lilikuwa limeshashuka mlima wa Kitonga.